Impala ya Kiembeni

Kiembeni, Mombasa
Jumapili, 4 Mei

Mama Valarie,

Mimi ni mzima, mgongo tu. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu ile simu ya mama hainifai. Nikisema neno moja boma zima linasikiliza, na ndugu yangu Musembi anajibu kabla yako. Barua hii nampa dereva wa basi la Mwingi, aiache dukani kwa Florence. Wewe nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Uliuliza nafanya nini tangu ile gereji ya Changamwe ifungwe. Nanyoosha bati la gari. Gari moja, usishangae. Kuna mzee wa hapa anaitwa Rashad, alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, sasa amestaafu na siku zake ni ndefu. Amenunua Chevrolet Impala ya mwaka wa 1959 kutoka kwa familia moja kule Shika Adabu. Lilikuwa limekaa nyuma ya choo chao, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Ni gari la Kimarekani, refu kama jeneza la watu sita. Nyuma lina mabawa mawili kama kunguru anayejiandaa kuruka, na usukani uko upande usiofaa. Lilipokokotwa kuja huku, nusu ya sakafu ilibaki barabarani. Chumvi ya bahari imekula kilichobaki.

Mzee amenipa chumba uani kwake. Yeye hana neno. Wanaonichosha ni rafiki zake, wanaojiita wapenzi wa magari ya kale. Kila Jumapili wanakuja kusaidia. Kusaidia kwenyewe ni kulizunguka gari mikono nyuma, kutikisa vichwa, na kumaliza mahamri ya mke wa mzee. Kiongozi wao ni Kiponda, Mgiriama aliyekuwa dereva wa kreni. Yeye ana Ford yake ambayo haijatembea tangu Valarie akiwa darasa la pili. Kwa Kiponda kila tundu lina dawa moja, ule unga wa filla unaokorogwa na kupakwa, ukikauka unajifanya bati. "Paka filla, Mkamba, paka. Nani atachungulia?" Mwingine ni Griffin, kijana wa ofisi ya bima, mtu wa Kisumu. Anakuja na simu yenye video za Mmarekani mwenye ndevu. "Fundi, cheki vile huyu anado." Nikamwambia huyo ana mashine ya kuinua gari zima, mimi nina jeki na mawe mawili.

Hawa ni watu wazima, Mama Valarie. Wana wake, wana wajukuu, na Jumapili wanakuja kubishania taa.

Watu wa Ronny waambie kumwoza Valarie mwezi wa Juni haiwezekani. Mzee hataki nitoke kabla bati halijaisha. Waombe wasogeze mbele.

Kioko


Nuu, Mwingi
17 Mei

Baba Valarie,

Barua ilifika ikiwa wazi. Florence anasema ilijifungua kwa joto. Sasa kila anayenunua sukari anajua una jeki na mawe mawili.

Watu wa Ronny nimewaambia. Mjomba wake, yule wa kofia, aliacha chai ikapoa. Kisha akasema, "Mama, sisi tunaleta mbuzi wa ntheo, hatuleti kesi. Mbona mwenye msichana anatukimbia?" Mwaka jana ulisema mvua. Januari ulisema gereji inafungwa. Sasa niwaambie gari la kunguru?

Nisikilize vizuri. Ronny amepata kazi Isiolo na lazima aondoke na Valarie. Mimi sitamtoa mtoto wangu hapa bila ntheo, akaishi huko kama mtu aliyetoroka. Mbuzi wakishachinjwa hapa uani, baba yake akiwa amekaa kwenye kiti, ndipo ataitwa mke wa mtu. Siku waliyotoa ni Jumamosi, 16 Agosti. Wamesema hawasogezi tena, na mimi nimeona aibu kuomba.

Mila inaruhusu Musembi akae badala yako. Valarie hataki. Alisema, "Baba mdogo atasimulia habari zake mpaka mbuzi wakimbie." Mimi pia simtaki. Atakula ini la kwanza na kuanza kujiita baba wa bibi harusi.

Mzee wako hana watoto? Mwulize kama wake aliwaoza kwa barua.

Rosalia


Kiembeni
Jumapili, 22 Juni

Mama Valarie,

Musembi akikaa kwenye kiti changu nitakuja kumtoa na nyundo. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze.

Habari za Agosti nimemweleza mzee. Anakuna kichwa. Unajua watu wenye mali hawakatai, wanakuna kichwa tu. Kuna maonyesho ya magari ya kale siku ile ile, Jumamosi ya 16, na anataka Impala isimame pale ikiwa nzima. Nitaendelea kumwomba.

Hawa wapenzi wamezidi. Mwezi uliopita waliagiza mipira ya kushikilia vioo kutoka Marekani. Ilipofika bandarini walikwenda kuipokea wote, kama wanapokea msafiri wa Hija. Walipofungua ikawa ni ya gari jingine, ndefu kupita kiasi. Kiponda akasema, "Si tukate?" Wakakata kwa kisu cha kitunguu. Kioo kiliingia vizuri, kikakaa, wakapiga picha. Nilipofunga mlango kioo kikatoka chote, kikashuka mapajani mwa Griffin, ambaye alikuwa ndani akijipiga picha nyingine. Mzee Rashad alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Huyo Griffin naye alinipata siku moja. Injini ilikuwa inawaka, inakohoa, inazima. Nilisema kabureta. Nikaifungua mara tatu nikaisafisha hadi ikang'aa. Yeye akasema ni tangi, kwamba kutu inazama na kuziba bomba la petroli. Nikamcheka mbele ya watu, nikamwambia aende akaandikie watu bima. Ilikuwa tangi. Tangu siku hiyo anatembea hapa uani kama daktari wa meno.

Boneti nimelimaliza. Lilikuwa limebonyea katikati kama mtu alilala juu yake mwaka mzima. Sikuweka filla hata kijiko. Nililaza bati kwenye gunia la mchanga nikalipiga taratibu kwa kusikiliza, maana bati likirudi mahali pake sauti inabadilika, inakuwa nene. Nikapiga msasa. Ukifumba macho ukapitisha mkono hujui shimo lilikuwa wapi. Mzee alipitisha mkono, akaenda mwenyewe kuniletea kahawa. Sasa niko kwenye milango. Milango ya Impala ni mizito, lakini ikifungwa sawa inatoa sauti moja tu, fupi, kama mtu mwenye heshima amefunga mdomo. Taa za nyuma nazo zimekaa kama macho ya paka. Sijui Wamarekani walikuwa wanakula nini mwaka huo.

Nitakujulisha mzee akikubali.

Kioko


Nuu
15 Julai

Baba Valarie,

Juzi Jumapili nilipokuja huko ulidhani nimekuja kukutembelea, na nikakuacha udhani. Nilikuwa nimekuja kumpigia mzee wako magoti.

Nilifika saa nne. Mzee ndiye aliyefungua lango. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni mke wa Kioko, nakuomba unipe mume wangu siku tatu, mwezi wa nane, aje kumwoza mtoto. Yule mzee alinitazama kama nimezungumza Kichina. Akasema, "Mimi, bibi? Wallahi mimi ndiye nimfukuzaye. Tangu mwezi wa tano namwambia, bwana Kioko, nenda zako ukamwoze mwanao, gari halina miguu. Yeye ndiye hataki. Yuasema Kiponda atamharibia."

Basi nikashukuru. Nikaomba maji. Kisha nikasimama pale kwenye kona ya nyumba, na wewe hukuniona.

Ulikuwa umelala chini ya gari, miguu nje. Kiponda anakwambia rangi iwe ya maziwa, Griffin anasema buluu, na wewe ukawaambia toka chini, "Nyinyi wawili mnafaa kupaka kuta za choo cha shule." Wakacheka. Ukacheka na wewe. Nimekaa na wewe miaka ishirini na mbili, sijasikia kicheko kile. Nyumbani ukija unakohoa na kuuliza nani amehamisha jembe.

Uliponiona ulifurahi, sikatai. Lakini ulinionyesha taa za nyuma kabla ya kunipa kiti. Ukaushika mkono wangu ukaupitisha kwenye boneti, ukaniuliza, "Unasikia?" Nilisikia bati. Hukuniuliza Valarie anaendeleaje mpaka nilipokuwa nafunga kanga nirudi stendi.

Miezi miwili umewatukana wale watu kwenye karatasi ili mimi nisijue kwamba wewe ni mmoja wao. Kiponda ana haki kuliko wewe, maana yeye hajasema kuna mtu anamzuia kwenda kwake.

Valarie sijamwambia. Anaamini mzee ni mkatili. Uamuzi ni wako. Siku ni ile ile.

Rosalia


Kiembeni
Jumapili, 3 Agosti

Mama Valarie,

Kwa hiyo mzee ana mdomo. Sawa.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukujibu vibaya, na mara ya pili pia. Lakini usinifananishe na Kiponda. Kiponda anapenda kuonekana amesimama karibu na gari. Mimi gari lenyewe silipendi, ni upumbavu wa tani mbili unaokunywa petroli kama meli. Nimewaambia hivyo wote mbele ya mzee.

Nikwambie jambo, ulielewe utakavyo. Kazi zote nilizofanya huku Pwani ni za kurudiwa. Nilibeba saruji, ikaisha, ikaja nyingine. Nilifungua makontena. Kule Changamwe nilikuwa nanyoosha matatu siku ya Jumatatu, na Ijumaa inarudi imebonyea palepale, dereva yule yule, hata haya haoni. Hakuna kitu ambacho nimewahi kukifikisha mwisho nikasema, hiki kimekwisha, ni mimi. Hili gari limebakiza kidogo. Mzee akisema niende anasema kwa wema, lakini yeye hana macho. Nikigeuza mgongo, Kiponda anaingia na kopo lake la filla. Ndiyo maana nilisema nilivyosema. Ukitaka kuuita uongo, uite.

Nyumbani naulizia jembe kwa sababu sijui kitu kingine cha kuulizia. Mambo yote mmeshayaamua nisipokuwepo.

Nakuja. Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi, 14 Agosti, jioni. Ijumaa nitakuwa hapo. Mwambie Valarie nitakaa kwenye kiti na nitavaa koti, hata jua likiwaka namna gani. Mwambie Musembi akalie gogo.

Rangi imekuwa ya maziwa. Kiponda ameshinda, anajigamba hadi Bamburi.

Kioko


Kiembeni
Alhamisi, 14 Agosti

Mama Valarie,

Barua hii inasafiri na basi nililolikatia tiketi. Dereva amenitukana na ana haki.

Asubuhi nilikuwa nimefunga begi. Griffin alipita kabla ya kwenda kazini, akasema alitoe gari nje kidogo lipate mwanga, apige picha za maonyesho. Nikasikia mlio. Alikuwa amezoea usukani wa kulia, hakuona upande wa pili. Madigadi ya mbele kulia, lile bati linalofunika gurudumu, imeingia kwenye nguzo ya lango. Imekunjika katikati, rangi imepasuka yote. Griffin ameshika kichwa, anasema sori fundi, sori fundi.

Kiponda alifika kabla hata sijakaa chini. Alikuja na kopo. "Usijali, Mkamba. Panda basi lako. Hapa ni filla na rangi, kesho kutwa watu wataliona limelala sawa." Alikuwa tayari anakoroga. Mzee naye akasema, "Nenda, bwana Kioko. Nakusihi, nenda."

Nilibeba begi. Nilifika hadi barabara kuu, gari la kwenda stendi likasimama, utingo akaniita. Nikamwona Kiponda akilini akipaka ule uji wake juu ya bati nililolinyoosha kwa mwezi mzima. Nikarudi.

Nitaifungua yote usiku huu na kuipiga upya. Ikiisha kesho mapema nitapanda lori lolote, nitafika Jumamosi kabla hawajachinja. Wacheleweshe. Wape chai kwanza, wape chai mara mbili.

Kioko


Nuu
Jumatatu, 18 Agosti

Baba Valarie,

Niliwapa chai mara tatu.

Walifika saa tatu, watu kumi na wawili na mbuzi wao. Wazuri, wa kunona, hata mama yako hakupata kasoro. Kiti chako nilikiweka mlangoni na nilikaa nikitazama barabara. Saa saba yule mjomba wa kofia akasimama. Akasema kwa adabu sana kwamba wao wanajua kusoma dalili, na kama nyumba hii haitaki kuoza, wangeambiwa mapema, wasingewachosha wanyama. Vijana wao wakaanza kufungua kamba. Ronny alikuwa amesimama, anamtazama Valarie, na Valarie anatazama chini.

Hapo nikasema. Nikasema baba yake alikuwa tayari kuja, lakini ana mgonjwa Mombasa, hawezi kumwacha.

"Mgonjwa nani?" akauliza.

"Ni mtu wake wa karibu."

"Anaumwa nini?"

Nikasema aligongwa ubavuni, upande wa kulia, Alhamisi asubuhi.

Wote wakavua kofia. Yule mjomba akasema, "Pole, mama. Mbona hukusema tangu asubuhi, tukanywa chai kwa kelele namna hii?" Mzee wa kanisa waliyekuja naye akasimama akamwombea mgonjwa. Aliombea ubavu, akaombea mifupa, akaombea na mikono ya yule anayemhudumia. Watu wote waliinamisha vichwa isipokuwa Valarie. Alikuwa ananitazama mimi. Barua yako ya Alhamisi alikuwa ameichukua yeye mwenyewe dukani, ikiwa wazi kama kawaida.

Mbuzi wakachinjwa. Musembi alikaa kwenye kiti chako. Alikula ini na hakusimulia habari yoyote. Nafikiri aliona aibu, na mimi sijawahi kumwona Musembi akiona aibu.

Walileta pia vitu vya wazazi, shuka langu na blanketi lako. Ronny alitakiwa akufunike nalo mabegani mwenyewe. Walimwambia amfunike Musembi, akakataa. Akanipa mimi, akasema, "Mama, huko aliko na mgonjwa labda halali vizuri. Mpelekee." Ni kijana mzuri. Hajui kitu.

Wameondoka leo asubuhi kwenda Isiolo, kazi imemwita mapema. Valarie hakukuachia neno.

Blanketi linakuja na basi hili. Ni zito, la sufu, rangi ya kahawia. Huko mgonjwa wako ninayemjua ni mmoja. Mfunike.

Rosalia


Kiembeni
Jumamosi, 23 Agosti

Mama Valarie,

Madigadi iliisha Jumamosi alfajiri, lori nililokuwa nimeahidiwa likiwa limeondoka. Nilisimama na gari kwenye maonyesho siku nzima, sikuwa na pengine pa kwenda. Watu walipiga picha viti na mabawa. Hakuna aliyeitazama madigadi. Kiponda alikuwa anawaelezea wageni, akiipigapiga kwa kofi, "Hapa paligongwa juzi. Tulipaka filla kidogo tu."

Blanketi limefika. Mzee Rashad ndiye aliyelitoa kwenye mfuko. Alilipapasa akasema, "Mashallah, zito hili. Litafaa kufunika boneti, vumbi lisipite." Nilimnyang'anya. Alirudi nyuma, mzee wa watu, mimi sijawahi kumfanyia hivyo. Griffin akaniuliza kama Wakamba husikia baridi mwezi wa nane.

Hapa hata shuka mtu hajifuniki, analala kifua wazi na mlango wazi. Mimi nalala nalo, nimelivuta hadi shingoni. Naamka nimelowa kama niliyemwagiwa ndoo, na nikilala tena nalivuta tena.

Mwandikie Ronny limepokelewa na baba wa Valarie. Usimwambie zaidi ya hapo.

Kioko